Pini ziko sawa kwenye karatasi, bushi zinazikataa

Swali

Shikamoo mzee wangu. Naomba unisaidie kabla sijagombana na watu wawili kwa mpigo, mteja wangu na muuzaji wangu.

Nina karakana ya kukereza vyuma hapa Pongwe, Tanga. Riziki yetu inatoka kwenye mkonge: shafti, bushi, magurudumu ya mnyororo, chochote kinachovunjika kwenye mashine za kusindika majani. Safari hii shamba moja upande wa Muheza lilinipa kazi ya pini za mnyororo wa kubebea majani, ule unaoyapeleka kwenye korona, mashine inayotenga nyuzi za mkonge na jani. Pini 400, kipenyo milimita 25, mwisho mmoja una uzi wa M16 wa kufungia nati. Bushi za bronzi nazikereza mwenyewe. Pini kwa idadi hiyo, tena zenye zinki, zingenichelewesha sana, kwa hiyo niliziagiza China kwa kiwanda ambacho tumewahi kufanya nacho kazi ndogondogo bila tatizo.

Mchoro wangu ulisema hivi: kipenyo 25 g6, uzi M16 wa 6g (g6 na 6g ni alama za ukubwa unaoruhusiwa), zinki mikroni 8, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Bushi zangu ni 25 H7, alama kama hizo ila ya tundu. Kwa hesabu hiyo pini inatakiwa kuingia kwa mkono ikiwa na mafuta kidogo, bila nyundo.

Zimefika. Kwa macho ni nzuri mno, zinang'aa. Lakini kati ya pini kumi ninazojaribu, chache huingia vizuri, nyingine huingia nusu zikagoma, na zilizobaki hazianzi kabisa. Nikipima kwa maikromita ya dijitali, katikati napata kama 25.003. Karibu na ncha inafika 25.015, nyingine 25.020. Kwenye uzi nako ni hivyo hivyo, nati inashika mizunguko miwili mitatu kisha inakaza.

Nimemwandikia muuzaji. Hakukasirika. Alinitumia kumbukumbu za vipimo: kabla ya zinki pini zote zilikuwa kati ya 24.983 na 24.990, yaani ndani kabisa ya g6. Akatuma na cheti cha waliopaka zinki, kinasema mikroni 8 hadi 12. Kisha akauliza kwa upole: "Dada, kosa letu liko wapi?" Kusema kweli sikuwa na jibu.

Mteja naye ana lake. Anasema pini za zamani alizonunua kwingine, nazo za zinki, zilianza kuota kutu mapema mno, kwa hiyo anataka zinki nene zaidi. Mimi hata hii iliyopo inanishinda!

Naomba uniambie: nani amekosea? Hizi 400 nizifanyeje, maana pesa yangu imelala humo? Oda ijayo niiandike vipi? Na huyu muuzaji nimwache?

Mwenye karakana, Pongwe

Jibu

Marahaba binti yangu, na pole. Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja: umepima ncha na katikati. Wengi hupima mahali pamoja, wakapata namba moja, wakaishia kulaumiana. Namba zako zinatosha kueleza kisa chote.

Muuzaji wako hajakudanganya. Mkerezaji wake alifuata mchoro, na mpakaji zinki wake alifuata agizo alilopewa, ila kila mmoja alifanya lake peke yake. Mchoro wako haukusema kama 25 g6 ni kipimo cha kabla ya zinki au cha baada ya zinki, na huko ndiko pini zako zilikokwama. Viwanda vingi vya kukereza havina beseni la zinki ndani. Kazi ikishakerezwa hupelekwa kwa mtu mwingine kabisa, na huyo mara nyingi hupewa maneno mawili tu, "zinki 8", bila mchoro. Hajui kuwa kuna bushi inayomsubiri Tanga.

Sasa tufanye hesabu. g6 kwa kipenyo cha 25 ni kuanzia 24.980 hadi 24.993, upana wa mikroni 13 basi. Tabaka la zinki hukaa pande zote mbili za kipenyo, kwa hiyo mikroni 8 za zinki huongeza 16 kwenye kipenyo, na mikroni 12 huongeza 24. Chukua pini ya 24.983 yenye zinki 8, utapata 24.999. Chukua ya 24.990 yenye zinki 12, utapata 25.014. Bushi yako ya H7 huanzia 25.000 na kuishia 25.021. Pini nyembamba ikikutana na bushi pana, utafurahi. Zikikutana kinyume chake, utatafuta nyundo. Hapo bado hatujagusa ncha.

Kwenye ncha umepata hadi 25.020, yaani zinki ya huko ni kama mikroni 15 au 16, ilhali cheti kinasema 8 hadi 12. Hata cheti hakijadanganya. Zinki hii hupakwa kwa umeme, na umeme ndani ya beseni hukimbilia ncha, kona na kingo. Mahali palipochomoza hunenepa, palipobonyea na ndani ya matundu hukonda. Aliyepima alipima katikati, penye unene wa kawaida. Hakuna aliyemwambia apime mahali pengine.

Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ukiandika zinki 8 kwa mujibu wa kiwango cha ISO 2081, ile 8 ni kima cha chini. Kiwango kinataka tabaka lisipungue mikroni 8 mahali popote kwenye uso wenye umuhimu, na kwa kawaida uso huo ni ule unaoweza kuguswa na mpira wa kipenyo cha milimita 20. Juu hakina dari. Mpakaji akikuwekea 20 mahali ulipotaka 8, kiwango kinamlinda, tena pengine anaona amekufanyia hisani. Dari lazima uliandike wewe mwenyewe.

Uzi ni mkali zaidi. Kwenye uzi ambao mashavu ya meno yake yana pembe ya digrii 60 kati yao, kila mikroni moja ya tabaka hunenepesha kipenyo cha kati cha uzi kwa mikroni nne, kwa sababu tabaka liko kwenye mashavu yote na mashavu yamelala. M16 ya hatua ya milimita 2 (umbali kati ya jino na jino), ikiwa 6g, imeachiwa mikroni 38 tu za kupumulia. Gawanya kwa nne, unapata tisa na nusu. Hiyo ndiyo zinki inayoweza kukaa bila wasiwasi kwenye uzi uliokerezwa mpaka ukomo wake wa juu. Wewe uzi wako uko kwenye ncha ya pini, pale pale zinki inapojazana, na ina 15 au 16. Mara nne yake inazidi 60. Nati ikikaza baada ya mizunguko mitatu haifanyi ajabu.

Kabla sijaenda mbele, neno kuhusu joto. Vipimo vyote hivi vya duniani vimewekwa kwa nyuzi 20 za selsiasi. Karakana ya Pongwe saa nane mchana ikifika nyuzi 32, pini ya chuma ya milimita 25 hutanuka kama mikroni tatu na nusu. Maikromita na pini zikiwa zimekaa meza moja tangu asubuhi, zote hutanuka pamoja na tofauti inakuwa ndogo. Lakini pini ikitoka juani uani na maikromita ikitoka ofisini kwenye kiyoyozi, umepoteza robo ya zile mikroni 13 kabla hujaanza kazi. Ziache zilale pamoja usiku kucha, kisha pima asubuhi. Na hiyo maikromita, kama haijawahi kuhakikiwa tangu uinunue, ipeleke maabara ya vipimo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, au angalau nunua bloki ya kupimia ya milimita 25 yenye cheti uwe unailinganisha nayo kila siku.

Tuje kwenye pini zako 400. Usizitupe, na tafadhali usiziloweke kwenye asidi kutoa zinki. Asidi itaitoa kweli, lakini chuma kilichokazwa kinapokutana na asidi hunywa haidrojeni, na pini ya namna hiyo inaweza kukatika ghafla ikiwa kazini, bila kupinda kwanza. Mnyororo unaobeba majani ukikatika mbele ya korona, kuna mtu amesimama pale.

Badala yake fungua bushi. Bronzi ni laini, bushi ni zako, na rima ya kupanulia matundu unayo. Zipanue zifike kati ya 25.030 na 25.050. Pini yako kubwa kuliko zote ni 25.020, kwa hiyo hata hiyo itabaki na mikroni 10 za mafuta, na ndogo itakuwa na kama 50. Kwa mnyororo wa majani hiyo ni nafasi nzuri, pengine nzuri kuliko g6 uliyoandika mwanzo, maana huko kuna utomvu, nyuzi za mkonge na mchanga, na mkao wa kubana sana huganda. Zingatia jambo moja: bushi ikishindiliwa kwenye nyumba yake hubana tundu. Kwa hiyo ishindilie kwanza, ndipo upitishe rima. Ukifanya kinyume utarudia kazi yote. Kisha zigonge alama bushi hizo, mtu mwingine asije akazichanganya na za H7 baadaye.

Nati nazo usilazimishe. Kupitisha dai, kile chombo cha kukatia uzi wa nje, kwenye uzi wa pini kutaondoa zinki yote pale inapohitajika zaidi. Afadhali upanue nati: tafuta tapu, chombo cha kukatia uzi ndani ya nati, ya M16 ya daraja la 6G badala ya 6H. Hiyo huiongezea nati mikroni 38 nyingine, zikijumlishwa na zile za pini unapata 76, na gawanya kwa nne ni 19. Zinki yako ya 16 itapita. Nati ya hapo kazi yake ni kuzuia pini isitoke, haibebi mzigo wa mnyororo, kwa hiyo ulegevu huo hauidhuru.

Sasa oda ijayo, na hapa nataka nikupinge wewe na mteja wako kwa pamoja.

Mteja anaomba zinki nene zaidi. Namwelewa, lakini zinki si dawa ya mahali hapo. Zinki hulinda chuma kwa kujitoa yenyewe iliwe kwanza, na kwenye hewa ya kawaida inajitahidi. Karibu na bahari tayari inateseka: kiwango cha ISO 9223 kinapoeleza mazingira makali ya daraja la C5, yakiwemo ya pwani yenye chumvi nyingi, kinahesabu zinki kupoteza mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka wa kwanza. Kwa hali ya namna hiyo zinki ya 8 inaweza isimalize miaka miwili hata kama pini ingetundikwa ukutani tu. Ongeza maji ya mkonge. Maji yale yana asidi, kila aliyewahi kufanya kazi kwenye korona anajua yanavyowasha ngozi. Zinki haivumilii asidi, inayeyuka. Tena pini inazunguka ndani ya bushi, na zinki ni laini, itakwanguliwa katika majuma ya mwanzo. Ukiongeza unene wake, unaongeza ugumu wa kupata mkao, na faida inaondoka na maji ya mkonge.

Ningekuwa mimi, pini hizo ningezipiga nikeli isiyotumia umeme, ile inayojijenga kwa dawa ndani ya beseni la moto, yenye fosforasi zaidi ya asilimia 10. Hiyo huvumilia asidi dhaifu na chumvi kuliko zinki, ni ngumu zaidi, na kwa shida yako ina sifa moja kubwa: kwa kuwa hakuna umeme wa kukimbilia ncha, hukaa karibu unene ule ule kila mahali, kwenye ncha, katikati, hata ndani ya tundu. Lakini isiwe nyembamba. Nikeli hailindi kama zinki kwa kujitoa, inalinda kwa kufunika. Ikiwa na vitundu, chuma kilicho chini huliwa kwa kasi kuliko kama kingeachwa wazi. Kwa hiyo kwa matumizi ya nje yenye unyevu usishuke chini ya mikroni 25. Bei ni kubwa kuliko zinki, sitakuficha. Mweke mteja chini, mwoneshe pini ya zamani iliyoliwa, mfanye hesabu ya kusimamisha mashine kwa ajili ya kubadilisha pini, kisha aamue mwenyewe.

Na g6 achana nayo. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linalowafunga wengi: unene wa tabaka nao una tolaransi yake, yaani tofauti inayoruhusiwa kati ya chini na juu, na kwenye kipenyo tolaransi hiyo huhesabiwa mara mbili. Ukimruhusu mpakaji kati ya mikroni 25 na 30, tofauti ni 5, lakini kwenye kipenyo ni 10. g6 yote ni 13. Mkerezaji anabakiwa na mikroni 3. Nani atakukerezea pini 400 kwa mikroni 3 kwa bei unayoimudu? Na kwa zinki yako ya sasa, yenye 8 katikati na 16 kwenye ncha, tofauti kwenye kipenyo ni 16, tayari imeizidi g6 yenyewe. Hata fundi bora wa dunia asingeweza kukupa ulichoandika. Kwa zinki ya namna hiyo, oda ile isingetimizwa na kiwanda chochote.

Mnyororo wa majani unatosheka na e8, mkao uliolegea zaidi ya g6. Kwa kipenyo cha 25, e8 ni kutoka 24.927 hadi 24.960, upana wa mikroni 33. Toa 10 za nikeli, mkerezaji anabaki na 23, na hizo mtu mwenye mashine nzuri ya kukereza au ya kusaga anazifikia bila kulia. Ukitaka kujua atakereza kipimo gani, chukua kikomo cha juu utoe mara mbili ya tabaka nene: 24.960 kutoa 0.060 ni 24.900. Chukua kikomo cha chini utoe mara mbili ya tabaka jembamba: 24.927 kutoa 0.050 ni 24.877. Basi, akereze kati ya 24.877 na 24.900. Bushi yako ya H7 inabaki ilivyo.

Hesabu hiyo ifanye kwako, uhakikishe oda inawezekana, lakini usiiandike kwenye mchoro kama sharti la pili. Mchoro ubebe sharti moja tu la kipenyo: "Vipimo vyote ni vya baada ya nikeli." Ukiweka seti mbili za vipimo, ya kabla na ya baada, umewapa watu wawili mahali pa kukimbilia kila mmoja. Ukiweka moja, aliyesaini oda ndiye anayebeba kazi ya kupatana na mpakaji wake. Kisha andika unene: nikeli mikroni 25 hadi 30, chini na juu. Andika na mahali pa kupimia: katikati, na milimita 5 kutoka kila mwisho wa sehemu inayoingia kwenye bushi. Weka alama ya mishale kwenye mchoro. Neno "kila mahali" halitoshi, kwa sababu hakuna anayepima kila mahali.

Uzi utakusumbua. Nikeli ya 30 mara nne ni mikroni 120, na madaraja ya uzi wa M16 yanayotumika sana hayana nafasi hiyo. Hata 6e inaacha 71 tu. Una njia mbili. Ama uzi ukatwe ukiwa umepunguzwa mikroni 120 kutoka kwenye mstari wa msingi, na uandike kwamba baada ya nikeli lazima geji ya pete ya 6h, ile ya kukagulia uzi, ipite kwa mkono. Ama uachane na uzi kabisa, utoboe tundu uweke split pini na washa. Mimi ningefanya hilo la pili. Pini haihitaji nati pale, na nati kwenye mtikisiko wa mnyororo hulegea tu.

Waambie pia kona zote zivunjwe, nusu milimita inatosha. Na kama chuma cha pini ni kilichokazwa kwa moto, andika ugumu wake kwenye oda na utake kioshwe haidrojeni kwa kuokwa kwenye nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa, kuanzia ndani ya saa nne baada ya kutoka kwenye beseni. Ila usiwaruhusu waioke nikeli kwa nyuzi 400 kuifanya ngumu zaidi, kuna watakaokushawishi hivyo. Itakuwa ngumu kweli, lakini itapasuka nyufa nyembamba za kupitisha asidi, na chuma chenyewe kitalainika.

Kuhusu kuhakikisha, kabla ya pini zote kutengenezwa taka kumi za mfano, zikiwa zimegongwa namba, kila moja imepimwa kabla ya nikeli na baada ya nikeli, mahali pale pale palipooneshwa na mishale. Pamoja nazo taka pini tano za chuma kile kile ambazo hazijapakwa kitu. Hizo tano zina thamani kubwa kwako. Kipima unene cha sumaku, kile kidogo cha mkononi, lazima kirudishwe sifuri kwenye chuma kile kile chenye mviringo ule ule, la sivyo kinasoma kinavyotaka. Kwenye zinki kinafanya kazi vizuri. Kwenye nikeli yenye fosforasi nyingi pia kinafaa, kwa kuwa nikeli hiyo haivutwi na sumaku, lakini kwenye nikeli ya kawaida ya umeme usikiamini. Kiwanda chenyewe kikuletee vipimo vya mashine ya eksirei, wapakaji wengi wazuri wanayo, na majibu yaoneshe kila nukta peke yake, siyo wastani. Wastani wa 8 katikati na 16 kwenye ncha ni 12, namba nzuri inayoficha kila kitu kilichokupata.

Usijitegemeze kwenye cheti cha ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa kinachotakiwa na TBS. Kina kazi yake, nacho kinahusu viwango vya bidhaa. Hakiji na bushi yako mkononi. Ukiwa na oda kubwa, lipia mkaguzi wa kujitegemea, kampuni kama SGS au Bureau Veritas zina watu huko huko China. Mpe mchoro wako na mishale yake. Na sehemu kubwa ya malipo iachwe mpaka ripoti yake ifike. Hilo liandikwe kwenye oda tangu mwanzo, wala usilianzishe bidhaa zikiwa bandarini.

Umeuliza kama umwache muuzaji. Hapana. Mtu aliyepima kila pini kabla ya zinki, akatunza kumbukumbu, akakutumia bila kukasirika, huyo ni wa kushika. Wengi wangekutumia cheti kile kile cha mwaka juzi kikiwa na tarehe mpya. Mwandikie leo. Usimdai kurudishiwa pesa zote, kwa sababu kwa karatasi hana kosa na anajua. Mtumie namba zako za katikati na za ncha kwenye jedwali, na picha ya maikromita ikiwa kwenye pini. Mwambie cheti cha mpakaji kinasema 8 hadi 12 na wewe ncha zote unazipata juu ya hapo, muulize mpakaji alipima wapi. Hilo ni swali la haki na anaweza kumbana nalo mpakaji wake. Kisha mwombe achangie gharama ya rima na nati kwa kupunguza bei ya oda ya nikeli. Nadhani atakubali, maana anapata oda nyingine hapo hapo.

Mchoro mpya ukishauchora, nitumie niupitie kabla haujaondoka Tanga.